Majina Matano, Spika Moja

Kila grupu ya chuo ina mtu ambaye jina lake liko kwa ripoti lakini mkono wake haujagusa kazi. Chukua wanafunzi watano wa uhandisi wa kompyuta wanaotengeneza spika isiyo na waya. Kazi yenyewe inaeleweka: simu itume muziki kwa Bluetooth, bodi ndogo kama ESP32 iupokee, amplifaya iukuze, spika ilie. Vifaa unavipata Luthuli Avenue, Nairobi. Wawili wanaandika programu, mmoja anachoma solda, mmoja anaandika ripoti, na wa tano anatuma dole gumba kwa WhatsApp. Siku ya kupeleka kazi mtu anauliza: huyu tumwandike au tumtoe?

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina maksi za kutetea hapa. Lakini nimeona urafiki wa miaka mitatu ukiisha kwa sababu ya ukurasa wa kwanza wa ripoti, na nadhani swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Wanaosema "mwandike, ni msee wetu" wanatetea huruma. Wanaosema "mtoe" wanatetea haki. Kila upande unaona mwingine ni watu wabaya.

Hebu tuiangalie spika yenyewe kidogo. Muziki wa kiwango cha CD, kabla ya kubanwa, ni namba 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Bluetooth inazisafirisha kwa masafa ya 2.4 GHz, na hapo ndipo Wi-Fi ya hosteli nzima pia imejaa. Pakiti zingine zinapotea njiani, zinatumwa tena, zinachelewa. Ndiyo maana kuna bafa, ghala dogo la kumbukumbu linalohifadhi sauti kidogo ya akiba. Pakiti zikichelewa, bafa inatoa akiba yake na wewe msikilizaji husikii chochote. Akiba ikiisha, wimbo unakatika.

Kwenye grupu, bafa huwa ni binadamu. Ni yule anayekesha kumalizia sehemu ya mwenzake, halafu asubuhi anasema "tuko sawa." Mhadhiri anasikia wimbo safi, anagawa maksi sawa kwa sawa. Hawezi kujua kwamba mtu mmoja amebeba wawili, kwa sababu wema wa huyo mmoja umeficha kila kitu. Tunamsifu kwa uvumilivu mpaka siku anapochoka, kisha tunashangaa mbona amebadilika.

Hii hesabu mbaya ya majina ni ya zamani, na iko hata kwenye historia ya redio. Mwaka 1942 Marekani ilitoa hataza ya uvumbuzi kwa watu wawili: mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil. Wazo lao lilikuwa mawimbi yanayoongoza torpedo yarukeruke kati ya masafa tofauti ili adui asiweze kuyavuruga. Walitumia karatasi zenye matundu, kama zile za piano zinazojipiga zenyewe, na masafa 88, idadi ya vitufe vya piano. Bluetooth nayo huruka masafa, hadi mara 1,600 kwa sekunde. Kwa miaka mingi Lamarr alisifiwa sura tu. Tuzo ya heshima ya uvumbuzi huo ilimfikia 1997, akiwa mzee, na Antheil alikuwa ameshafariki tangu 1959. Leo watu wamegeuza mambo, wanasema Lamarr alivumbua Bluetooth peke yake. Antheil amefutwa, na wahandisi wa Ericsson kule Sweden walioianzisha Bluetooth miaka ya 1990 wamefutwa pia. Kumnyima mtu jina ni uongo. Kumpa jina lote ni uongo pia.

Sasa, sisi Wakenya tayari tuna jibu, na liko kwa simu yako. Mtu akifiwa, grupu ya WhatsApp inafunguliwa na orodha inaanza: jina, kiasi. Huyu 1,000, huyu 200, huyu 50. Asiye na pesa anaandikwa ataleta viti. Hakuna anayecheka ile 50. Aibu ni kujiandikisha 1,000 ambayo haijatumwa. Ripoti za chuo zimebakisha majina na kufuta kiasi.

Basi kirudisheni. Kando ya kila jina, sentensi moja ya kweli: huyu aliandika programu ya kupokea sauti, huyu alinunua vifaa na kuchoma solda, huyu aliandika ripoti yote. Hapo hata msichana pekee wa grupu, ambaye kila mara hupewa ripoti ati ana mwandiko mzuri (ripoti ya kuchapa kwa kompyuta!), kazi yake itaonekana. Na wa tano aandikwe pia: alihudhuria mikutano miwili.

Utaniambia, je, kama wa tano anafanya kazi usiku kutafuta fees? Anastahili huruma, kabisa. Lakini huruma ije mapema. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpe kazi anayoweza kufanya akirudi saa nane usiku: atembee na simu koridoni, apime ni mita ngapi kabla sauti ikatike, aandike namba. Hiyo ni kazi halisi, na sentensi yake itakuwa na uzito. Ukimpa jina tupu umemwachia deni. Siku moja atakaa mbele ya watu wa kuajiri, wamuulize bafa ya spika yake ilikuwa kubwa kiasi gani, na nyinyi wanne hamtakuwepo kumsaidia.

Spika ikilia, haitasema nani alifanya nini. Lazima mtu aandike, na aandike wiki ya kwanza, kabla hakujakuwa na maksi za kugombania.