Kibao cha Shingoni

Kidato cha kwanza, baada ya miaka 7 ya kusoma kwa Kiswahili, tulikuta kibao chenye kamba. Ukiropoka Kiswahili unakivaa shingoni mpaka umnase mwenzako. Anayebaki nacho jioni anachapwa.

Siku moja kilikuwa kwangu. Rafiki yangu alikuwa akilia, mama yake amelazwa. Nikamuuliza kuna nini, kwa Kiingereza, nikijua jibu litamtoka kwa Kiswahili. Likamtoka. Nikamvika.

Wapo wanaosema kibao kilitufundisha Kiingereza. Labda. Mimi nakumbuka zaidi darasa lililonyamaza, kila mtu akivizia ulimi wa jirani. Nikijitetea kwamba sheria haikuwa yangu, nasema kweli. Lakini sheria ilitaka mtu yeyote. Yeye nilimchagua mimi, kwa sababu ndiye aliyezoea kunieleza mambo yake.