Chumba Kidogo Jirani na Colosseo

Masomo ya kutafakari: Mdo 28:16-31, Mt 6:5-6, Lk 2:1-7



Vijana wapendwa, nadhani wengi wetu tulifuatilia kwenye simu Jubilei ya Vijana iliyofanyika Roma kuanzia tarehe 28 Julai hadi 3 Agosti 2025. Tuliona bendera, tuliona umati ukikesha na Baba Mtakatifu Leo XIV kule Tor Vergata, tuliona selfi zisizo na idadi mbele ya Colosseo. Kitu ambacho hatukukiona sana ni mahali walipolala vijana wale. Wengi walilala chini, kwenye shule, kumbi za parokia na kumbi za michezo.

Hata wakati usio wa Jubilei, hujaji wa kawaida akifika Roma hafikii hoteli ya nyota tano. Anatafuta hoteli ndogo ya bei nafuu, au nyumba ya masista inayopokea wageni. Mtaa wa Monti, ulio jirani kabisa na Colosseo, una sehemu za namna hiyo. Chumba chenyewe ni kidogo: kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kwa masista utakuta msalaba ukutani, na mara nyingi kuna saa ya kufunga mlango usiku, ukichelewa shauri yako. Asubuhi unapewa mkate, jamu na kahawa, basi. Lakini ukitoka nje ukatembea dakika chache tu, unasimama mbele ya moja ya majengo maarufu kuliko yote duniani.

Leo naomba tusimame hapo katikati, kati ya lile jengo kubwa na kile chumba kidogo. Swali letu ni moja: katika hivyo viwili, Mungu alichagua kuanzia wapi kazi yake?

Jengo la kutazamia na kutazamwa

Kaisari Vespasiani ndiye aliyeanza kujenga Colosseo, na mwanawe Tito akalizindua mwaka 80. Kuta zake zinapanda karibu mita 50 kwenda juu, na inakadiriwa liliweza kuchukua watu 50,000 hivi. Mwandishi wa kale, Cassius Dio, anasema sherehe za uzinduzi zilichukua siku 100. Na michezo yenyewe ilikuwa nini? Watu kupigana na watu, watu kupigana na wanyama, na waliohukumiwa kuuawa mbele ya umati unaoshangilia. Mapokeo ya Kanisa yanamtaja Mtakatifu Ignasi, Askofu wa Antiokia, kuwa mmoja wa mashahidi waliotupwa kwa wanyama mjini Roma.

Kuna jambo moja la kuangalia hapo. Hata viti vilipangwa kwa hadhi. Maseneta walikaa mbele kabisa, na kadiri mtu alivyokuwa duni ndivyo alivyopelekwa juu zaidi. Wanawake na maskini walikaa kule mwisho. Kwa hiyo mtu hakwenda kutazama tu, alikwenda pia kutazamwa. Kiti chako kilisema wewe ni nani.

Jamani, hilo halitukumbushi kitu? Sisi nasi tuna uwanja wetu, na tunaubeba mfukoni. Tunahesabu waliotazama, waliopenda, waliotoa maoni. Tunajua nani amekaa mbele na nani yuko kule juu haonekani. Na wapo wanaoumizwa humo huku wengine tukicheka na kusambaza.

Colosseo la leo ni gofu. Tetemeko la mwaka 1349 liliangusha sehemu kubwa ya ukuta wake wa nje, na mawe yake yakabebwa kwenda kujengea majengo mengine ya mji. Umati umeondoka na makaisari wameondoka. Wamebaki watalii na paka.

Kanisa lilianza kwenye chumba cha kupanga

Sasa tugeukie chumba. Miaka kama kumi kabla ujenzi wa Colosseo haujaanza, mfungwa mmoja aliingia Roma akiwa chini ya ulinzi. Jina lake Paulo. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuambia alikaa miaka miwili katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake, askari akimlinda, akimpokea kila aliyekuja, akiwahubiria habari za Ufalme wa Mungu.

Na hapo ndipo kitabu kinapoishia! Luka ametuvusha bahari, ametupitisha kwenye dhoruba na magereza, halafu anatuacha kwenye nyumba ya kupanga. Paulo alikuwa mpangaji, kama wewe unayewaza kodi ya mwezi ujao.

Tena hakuwa peke yake. Katika barua yake kwa Warumi (Rum 16:3-5) anawasalimu Priska na Akila, mke na mume mafundi wa kushona mahema, pamoja na Kanisa linalokutana nyumbani kwao. Wakristo wa kwanza wa Roma hawakuwa na basilika. Walikuwa na nyumba za watu.

Ukitaka kuligusa jambo hili kwa mikono, tembea kama mita 300 kutoka Colosseo mpaka Basilika ya Mtakatifu Klementi. Juu ni kanisa la karne ya 12. Shuka ngazi, unakuta kanisa jingine la karne ya 4, lililofukuliwa kuanzia mwaka 1857 chini ya usimamizi wa Padre Joseph Mullooly, Mdominikani kutoka Ireland. Shuka tena, unaingia kwenye majengo ya Warumi ya karne ya kwanza: vijia vyembamba, vyumba vya giza, na sauti ya maji yanayopita chini ya ardhi. Juu kabisa ni dhahabu na picha za kupendeza, lakini ukifuata msingi unaishia kwenye vyumba vya watu wa kawaida.

Hapa nawaomba vijana tufikiri kidogo. Katika miaka ya 1970 Maaskofu wetu wa AMECEA waliweka mkazo kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Hawakuwa wanatuletea kitu kigeni. Walikuwa wanaturudisha nyumbani kwa Priska na Akila. Sasa kijana anasema, "Jumuiya ni mambo ya wazee, mimi nasubiri kongamano la vijana." Kongamano ni zuri, twende! Lakini sebule ya mama wa jumuiya, yenye viti vya plastiki na wengine wamekaa mkekani, inafanana na Kanisa la kwanza la Roma kuliko uwanja wowote uliojaa spika.

Mtakatifu aliyekataliwa kila mlango

Huko huko Monti, katika Kanisa la Bikira Maria wa Monti, kuna kaburi la kijana mmoja Mfaransa. Sanamu yake ya marumaru inamwonyesha amelala. Anaitwa Benedikto Yosefu Labre.

Alizaliwa mwaka 1748 katika kijiji cha Amettes, mtoto wa kwanza kati ya watoto 15. Alitamani sana utawa. Akabisha hodi kwa Wakartusi, akabisha kwa Watrapisti, akabisha kwa Wasistersiani. Mara akaambiwa bado mdogo, mara akapokelewa halafu akaondolewa, kwa sababu ya afya na mahangaiko ya moyo wake. Fikiria kijana anayerudi nyumbani na kifurushi chake kwa mara ya tatu, ya nne, na kijiji kizima kinamtazama.

Najua kati yenu mnaosoma hapa wapo waliorudi hivyo. Umerudishwa kutoka seminari, au nyumba ya malezi ya masista imekwambia huu si wito wako. Umeomba kazi mpaka vyeti vimechakaa kwa kutolewa kopi. Uchumba umevunjika wakati ndugu wameshaanza kuchangia. Sikiliza, ndugu yangu: kukataliwa na nyumba moja si kukataliwa na Mungu.

Benedikto alitambua kwamba monasteri yake ilikuwa barabara. Alitembea kwa miguu kwenda Loreto, Assisi, Santiago de Compostela na mahali pengine pa hija, akiishi kwa sadaka, na nyingi alizipa maskini wengine. Mwishowe akatulia Roma. Na unajua alilala wapi? Ndani ya magofu ya Colosseo! Wakati huo palikuwa na vituo vya Njia ya Msalaba, vilivyowekwa mwaka 1750 na Mtakatifu Leonardo wa Porto Maurizio. Pale ambapo zamani watu walishangilia kifo cha wenzao, yeye alipafanya chumba chake cha sala. Mchana alikuwa makanisani, hasa palipokuwa na Ibada ya Masaa Arobaini ya kuabudu Ekaristi.

Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 16 Aprili 1783, alianguka kwenye ngazi za kanisa hilo hilo la Monti. Muuza nyama wa mtaa ule akampeleka nyumbani kwake, akamlaza kitandani, na jioni Benedikto akafariki akiwa na miaka 35. Watoto wakakimbia mitaani wakitangaza kwamba mtakatifu amekufa. Tarehe 8 Desemba 1881 Papa Leo XIII alimtangaza rasmi kuwa Mtakatifu. Watoto walikuwa wametangulia karibu miaka mia moja.

Tusielewane vibaya. Sisemi umaskini ni mzuri, wala kwamba kijana asitafute nyumba bora. Afya ya Benedikto ilipodhoofika, alipokelewa katika nyumba ya kuhifadhi maskini, na ni wajibu wetu Wakristo kumtafutia paa asiye nalo. Ninachosema ni hiki: udogo wa mahali ulipo haujawahi kumzuia Mungu. Yeye mwenyewe alikosa nafasi katika nyumba ya wageni, akalazwa horini.

Na chumba chako, je?

Chumba, hasa cha ugenini, ndicho kinachomjua mtu. Hotelini hakuna mama, hakuna paroko, hakuna mwenyekiti wa jumuiya. Mlango umefungwa, simu ina bando. Hakuna anayekujua kwa jina. Kwenye geto lako ni vivyo hivyo. Hapo ndipo unapoamua utafungua nini kwenye simu saa sita usiku, na utamkaribisha nani kwa nia gani. Kanisani sote tunaimba vizuri. Chumbani ndiko tunakojulikana.

Halafu kuna aibu. Kuna vijana hawataki rafiki afike wanapoishi. Wanapiga picha kwenye kochi la mtu mwingine. Wanadanganya hata mchumba kuhusu mtaa wanaokaa. Ndugu yangu, unaficha nini? Mtume Paulo alipokea wageni akiwa na mnyororo!

Yesu anatufundisha katika Mathayo 6 kwamba anayesali aingie chumbani, afunge mlango, amwombe Baba aliye sirini. Hakutaja ukubwa wa chumba. Mlango ule ule unaoweza kuficha dhambi ndio unaoweza kulinda sala. Kinachotofautisha ni nani umemruhusu aingie kabla hujaufunga.

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, weka alama. Tundika msalaba mdogo au rozari mahali utakapoiona ukiamka. Kabla ya kugusa simu, mpe Mungu dakika tano. Na ukisafiri, ukilala hoteli au gesti yoyote, ukishaingia tu chumbani piga magoti useme: "Bwana, usiku huu hapa ni kwako."

Pili, karibisha mtu. Kuna mwenzako mgeni mjini, mwanafunzi aliyehamia, au kijana aliyerudishwa nyumbani na anaona aibu kutoka nje. Mwite. Chai na maandazi vinatosha.

Tatu, nenda jumuiya. Wiki hii, si mwezi ujao.

Na kama Mungu atakujalia kufika Roma, piga picha yako Colosseo, hakuna ubaya. Lakini usiondoke kabla hujatembea mpaka Monti, ukapiga magoti kwa yule maskini, na kumkabidhi kila mlango uliofungwa usoni pako.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, karibu katika chumba changu. Unajua ni kidogo, na unajua kila kilichotendeka humo. Safisha ninachoficha. Niponye aibu ya umaskini wangu na uchungu wa kukataliwa. Wakumbuke wote wanaolala usiku huu barabarani, vituoni na ugenini, na unifanye niwe tayari kumfungulia mmoja wao. Nikiwa mbele za watu au mlango ukiwa umefungwa, niwe mtu yule yule mbele yako. Amina.

Mtakatifu Benedikto Yosefu Labre, utuombee.