Kwenu Mnaokunywa Kwanza

Ndugu zangu wa Fungurume na Tenke, baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana mnaorudi kambini na vumbi jekundu hadi kwenye kope, tegeni sikio. Fungueni Ezekieli sura ya 34. Nabii anaanza na wachungaji. Anawachapa bila huruma: wamejinenepesha wao, wamelitelekeza kundi, kondoo wametawanyika milimani. Nusu hiyo ya sura tunaipenda. Tukiisikia tunaitikia amina kwa sauti kubwa, kwa sababu kila mmoja wetu anamjua mchungaji wake wa kumnyooshea kidole.

Lakini nabii haishii hapo. Akishamalizana na wachungaji anawageukia kondoo wenyewe, wale wanono, wenye pembe, waliotangulia kufika mtoni. Anawauliza kwa nini, baada ya kujinywea maji safi, waliingiza kwato zao wakayatibua, hata wenzao waliokuja nyuma wakabaki kunywa tope. Hapo kanisa hunyamaza. Leo naanzia hapo kwenye ukimya.

Fuateni maji yenu. Dipeta, mto wetu, haiishii darajani. Inateremka mpaka maji yake yanaingia Lufira, na Lufira inaporomoka pale Kiubo, inashuka kwenye bonde la Upemba, inakutana na Lualaba kwenye maji mapana ya Ziwa Kisale. Kikondja iko huko. Kuna watu wanaoamka usiku kusukuma mitumbwi, ambao hawajapata kukanyaga Fungurume wala hawajui mlima wetu hata mmoja, lakini tulichofanya mtoni juma lililopita kitawafikia. Na baada yao wako Malemba-Nkulu, Kabalo, Kongolo, Kindu, mpaka Kisangani, mto unakobadilika jina na kuitwa Kongo. Wote hao wanakunywa baada yetu. Sisi ndio kondoo waliotangulia!

Tena mnachokipeleka kinarudi. Nendeni sokoni asubuhi, mkasimame karibu na mama anayefungua kikapu cha samaki wa ziwani. Anakata kamba za magome kwa kisu, anafunua majani, na harufu ya moshi na chumvi inatoka kabla ya samaki kuonekana. Ni tilapia waliopasuliwa mgongoni wakafunguliwa wote, mifupa nje, chumvi imeganda kwenye mbavu. Anachukua mmoja, anambonyeza kwa kidole gumba nyuma ya mashavu, mahali ambapo samaki huanza kuoza, ananusa, anamweka juu ya fungu. Reli ilifika Bukama, kwenye Lualaba, mwaka 1918, na kwa kuwa reli hiyo inakutana na ile ya Kolwezi hapo hapo Tenke, njia ya shaba ikawa pia njia ya samaki. Samaki yule alikunywa maji yetu siku zote za maisha yake. Leo unamnunua, unampeleka kwa watoto. (Thomson wa barafu anayetoka baharini simsemi, huyo hana habari na Dipeta.)

Wako watakaoniambia: mchungaji, shaba na samaki havikai nyumba moja, chagua kimoja. Huo ni uongo, na mababu zetu wanaukanusha wakiwa makaburini. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale pale Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Watu waliozikwa pale, wengine zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, waliishi kando ya maji na kula samaki wa ziwa, na walizikwa pamoja na mapambo ya shaba; wale wa karne za baadaye walikuwa na vile visalaba vidogo ambavyo Katanga inajulikana kwavyo. Ziwani hakuna mlima wa shaba. Shaba ilitoka huku kusini. Kwa karne nyingi madini yalishuka na mto ukabaki mzima. Aliyevigombanisha shaba na maji si Mungu.

Sasa kondoo. Wewe kijana unayetandaza chandarua mtoni, chandarua ulichopewa bure ili mwanao asiumwe na mbu: nimekiona kikitolewa majini. Kimebeba matope, majani, na visamaki visivyofika urefu wa ukucha, mamia yake, vinarukaruka na kufa kabla havijafika kwenye ndoo. Vyote pamoja havijazi sahani. Kila kimoja kati ya hivyo kingekuwa kitoweo baada ya mvua mbili. Umekula mwaka ujao, na bado una njaa jioni hii hii! Na mwanao amelala bila chandarua.

Wewe unayetwanga buba na kumwaga kwenye kidimbwi: wazee waliitumia, najua, utaniambia hivyo. Sumu ya jani lile humnyima samaki pumzi, mkubwa na mdogo, anayeliwa na asiyeliwa. Kijito kimoja kikipigwa buba mara kwa mara, hapabaki mzazi wa kukijaza tena.

Na wewe unayeoshea mchanga wa madini mtoni. Sikuhukumu kwa kutafuta mkate. Lakini tope lile jekundu haliondoki tu na maji. Linatua kwenye changarawe, mahali ambapo samaki wengi huweka mayai, linayafunika, na yai lililofunikwa na tope halipati hewa. Chimbeni shimo la kuoshea mbali na ukingo, maji yatulie humo kwanza. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wanne.

Msiseme samaki hawawezi kwisha. Waulizeni watu wa Luapula habari za mpumbu. Samaki huyo alikuwa akipanda mto kwa makundi mvua zilipoanza, akienda kutaga. Wafanyabiashara Wagiriki pale Kasenga walinunua samaki wa Luapula na kuwasafirisha hadi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Mji ukakua, njaa ya mji ikakua, nyavu zikaongezeka, zikatandwa kwenye njia yenyewe ya samaki wenye mayai tumboni. Miaka ya 1940 ilipokuwa inaishia, uvuvi wa mpumbu ulikuwa umevunjika. Hapakuwa na asidi pale. Hapakuwa na bwawa la taka. Ni nyavu tu, na bei nzuri, na watu wema waliokuwa na watoto wa kusomesha, kama sisi.

Nimemaliza na kondoo. Wachungaji, zamu yenu.

Jiwe letu haliyeyushwi tena kwa mkaa na mivukuto. Linasagwa, linalowekwa katika asidi ya salfa ili shaba na kobalti vitoke, na kinachobaki hutiwa chokaa na kulazwa kwenye mabwawa makubwa. Chokaa ikitosha na ukuta ukiwa imara, mto unapumua. Ukuta ukipasuka? Hatuhitaji kubahatisha, maana jirani zetu wameshaona. Tarehe 18 Februari 2025, pale Chambishi nchini Zambia, bwawa la kampuni ya Sino-Metals Leach lilipasuka na lita zipatazo milioni 50 za maji ya asidi zikaingia katika kijito cha Mwambashi na kutoka hapo katika Mto Kafue. Samaki walielea wamekufa umbali wa zaidi ya kilomita 100. Kitwe, mji wa watu wapatao 700,000, ulikatiwa maji ya bomba. Serikali ilituma ndege zikamwage chokaa mtoni kutoka angani, mamia ya tani. Ndege! Chokaa ileile ambayo ingegharimu kidogo sana kama ingetiwa mapema pale kiwandani.

Msidhani ajali ni za Zambia tu. Februari 2019 lori la asidi liligongana na basi katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara hii hii tunayosafiria kwenda Kolwezi, na watu wasiopungua 18 wakafa. Mto Panda umekuwa ukibeba taka za viwanda vya Likasi kuelekea Ziwa Tshangalele tangu enzi za wakoloni, na ziwani humo watu wanavua hadi leo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha matokeo yao: watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo. Watoto walizidi wakubwa.

Na hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu tunadanganyika kwa macho. Maji yenye asidi mara nyingi hung'aa kuliko maji mazima, kwa kuwa tope lote limetua na hakuna kiumbe kinachoishi ndani cha kuyatia ukungu. Shaba humdhuru samaki kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja. Inamshika kwenye mashavu anapopumulia, chumvi ya mwili wake inamtoka, anakufa katika maji ambayo mgeni angeyasifu. Kwa hiyo ofisa akisimama ukingoni akakwambia, "Tazama, maji ni safi," mwombe karatasi ya maabara. Mheshimu, mwite mheshimiwa, mpe kiti akae, na usiondoke bila karatasi.

Farao naye aliambiwa na mto wenyewe. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba samaki walikufa, mto ukanuka, na yeye akageuka akaingia nyumbani kwake bila kulitia moyoni. Watu wake ndio waliobaki kuchimba visima kandokando ya Nile wakitafuta maji ya kunywa. Vingapi kati ya visima vyetu vimechimbwa kwa sababu hiyo hiyo?

Sasa nifike kwenye dhambi ninayoiogopa kuliko chandarua na kuliko asidi. Ni bahasha. Shamba limeungua kwa maji machafu, samaki wamekufa kwenye kijito, watu wanakusanyika kwa hasira. Halafu jioni mtu anapita nyumba hadi nyumba na unga, na noti chache, na daftari la kutia saini. Kesho yake hakuna aliyeona kitu. Aliyepokea amepokea kwa niaba ya nani? Shamba lilikuwa lake, sawa. Mto haukuwa wake. Ameuza maji ya mtu wa Kikondja asiyejua hata kwamba yamepigwa mnada! Fidia ya shamba ichukueni, ni haki yenu, tena ipiganieni iwe kamili. Lakini msitie saini ya kunyamaza. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na papo hapo inampa wajibu wa kuyatetea. Wajibu hauuzwi kwa mfuko wa unga.

Na fedha zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaidai kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na fungu hilo husimamiwa na chombo ambacho wananchi wana viti ndani yake. Tena asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni ya mamlaka ya mahali yalipochimbwa. Shule tumeomba, zahanati tumeomba, vema. Ni nani ameomba mto upimwe?

Wako waliotoa hata fedha zao wenyewe kwa ajili ya samaki. Huko Marekani, katika jimbo la Missouri lenye vilima vya Ozark, watu wanapenda kuvua trauti, samaki wa maji baridi ambaye hata si mwenyeji wa mito yao. Aliletwa na kupandikizwa. Mwaka 1976 wapiga kura wa jimbo hilo walikubali kujitoza wenyewe kodi ya mauzo, moja ya nane ya asilimia moja, iende kwenye samaki, misitu na wanyama wa porini. Wanailipa hadi leo, kila wanaponunua viatu au sabuni. Najua kwamba kodi ya jimbo zima si kitu kimoja na fungu la kampuni moja. Lakini tazameni: wao walijitoza kwa ajili ya samaki wa kuletwa, wengi wakimvua kwa starehe ya Jumamosi. Sisi tuna samaki wa kuzaliwa nao, tunaomla ili tuishi, na senti zilizokwisha kuandikwa katika sheria, na hatujanyoosha hata mkono!

Basi, kila mtaa na utoe watu wa mto. Wasipungue wanne, maana mmoja hununuliwa na wawili hugombanishwa. Mama wawe nusu, kwa sababu wao ndio wanaokwenda mtoni kila siku. Wawe na chupa safi, daftari, na simu ya kupiga picha. Maji yakibadilika rangi au harufu, chota, andika tarehe na saa na mahali, kabla ya kupiga kelele. Majibu ya vipimo yasomwe hadharani kwa Kiswahili, yabandikwe sokoni.

Na mto ufungwe wakati wa kutaga. Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Tufanye vivyo hivyo katika Dipeta na vijito vyake, kwa kiapo chetu wenyewe, bila kungoja askari.

Nasikia baba mmoja anauliza kutoka benchi la nyuma: miezi mitatu hiyo wangu watakula nini? Ameuliza haki. Familia zinazoishi kwa nyavu peke yake hapa kwetu tunazijua kwa majina. Sadaka ya Desemba, ya Januari na ya Februari iende kwao, unga na mafuta, hadi mto ufunguliwe. Kamati ya ujenzi isinikasirikie. Najua paa letu linavuja upande wa kwaya. Litavuja mpaka Machi.