Mpangaji Anayeondoka Anadaiwa Nini?

Mnamo Mei 1972 mwanafunzi mmoja wa jimbo la New Jersey, Marekani, alimwandikia barua mwenye nyumba wake. Alikuwa ametia saini mkataba wa pango wa miaka miwili katika jengo la ghorofa mjini Hackensack, kodi dola 345 kwa mwezi, akitarajia kuoa mwezi Juni na kuanza maisha kwa msaada wa wazazi wa pande zote mbili. Uchumba ukavunjika. Kipato hakuwa nacho, nyumba hakuwa ameihamia, na alikuwa radhi dola 690 alizokwisha kutoa zibaki huko huko. Mwenye nyumba hakujibu. Baadaye akatokea mtu mwingine aliyeitaka nyumba ile ile, na uwezo wa kulipa anao, akaambiwa imeshapangishwa. Ikakaa tupu hadi mwaka uliofuata, na huku mwanafunzi ameshtakiwa alipe dola 7,590, yaani kodi yote iliyobaki ya miaka miwili. Kesi hiyo, inayojulikana kama Sommer dhidi ya Kridel, ilifika Mahakama ya Juu ya jimbo. Mwaka 1977 majaji wakaamua kwamba mwenye nyumba aliyeachiwa nyumba yake hawezi kukaa tu akihesabu hasara. Lazima ajitahidi kwa dhati kutafuta mpangaji mwingine. Kanuni iliyofuatwa katika jimbo hilo tangu 1934 ilikuwa kinyume kabisa.

Sheria iliishia hapo. Liko swali ambalo haikuligusa, na pengine halikuwa lake, ambalo humkera mtu mwenye dhamiri hata asipokuwepo wa kumshtaki: aliyeahidi kukaa mwaka mzima akaondoka mwezi wa tano, amevunja neno lake hata kama ameleta mtu wa kushika nafasi yake? Wengi hujibu kwa huruma kwamba amelivunja, ila amepunguza ubaya. Jibu hilo naona linamwonea mpangaji upande mmoja na kumwachia mno upande wa pili. Anayeleta mpangaji mwingine anayefaa ametimiza ahadi yake, hana haja ya kuombewa msamaha. Lakini ametimiza kwa sharti moja ambalo wanaohama hupenda kulipita kimya: huyo anayeletwa awe ameletwa kwa ukweli.

Tutazame kwanza ni kitu gani kilichoahidiwa. Watu husema ahadi ni deni, na husema hivyo kwa kukaza kamba. Wanasahau kwamba deni, kwa ukali wake wote, lina ulegevu wa aina yake. Mdai akilipwa na kaka wa mdaiwa, deni limekwisha. Hawezi kuzikataa fedha kwa hoja kwamba hazikutoka mfukoni mwa aliyekopa. Zipo ahadi zisizokubali kubadilishana watu hivi. Aliyeahidi kuoa hawezi kumtuma rafiki yake, na aliyeahidi kumuuguza mama yake hajatimiza kwa kuajiri mtu, maana hapo mtu mwenyewe ndiye kiini cha ahadi. Pango halimo katika fungu hilo. Mwenye nyumba anangojea kodi ifike kwa wakati na nyumba irudi mikononi mwake salama. Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, waliliona jambo hili zamani. Katika Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu kilichosomeshwa vizazi na vizazi pwani hii, aliyekodi nyumba anahesabiwa kuwa anamiliki manufaa yake kwa muda wote wa mkataba, na anaweza kumkalisha humo mtu mwingine aliye mfano wake. Asichoweza ni kumwingiza mhunzi, au dobi, ambaye enzi hizo alizitwanga nguo kwa kishindo. Mfano huo ni wa kale lakini mantiki yake haijachakaa: kinachopimwa ni mzigo utakaoiangukia nyumba, na nani anaubeba ni jambo la pili.

Atasema mtu kwamba kwa njia hii ahadi inakuwa nyepesi kama karatasi. Leo unatia saini, kesho unatafuta wa kukurithi. Sura ya al-Maida inafunguka kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba, na Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, alionyesha kwa mfano wa anayekopa huku akijua hatalipa kwamba ahadi za namna hiyo zikiwa desturi ya wote, hakuna atakayeamini ahadi yoyote. Hoja hii ni nzito, lakini imelenga pengine. Mkopaji wa Kant alidanganya siku ile ile ya kuahidi. Mwanafunzi wa Hackensack alisema kweli, kisha maisha yakamgeuka. Swali gumu zaidi ni nani aubebe mgeuko huo, na hapa wanafikihi wenyewe walitofautiana. Wahanafi waliruhusu udhuru uvunje mkataba wa kukodi, kama vile mfanyabiashara aliyekodi duka sokoni kisha mtaji wake ukaangamia. Madhehebu mengine matatu ya Kisunni yalikaza: shida ya mpangaji ni ya mpangaji, na mkataba unabaki palepale. Mimi naegemea upande wa waliokaza. Mwenye nyumba hakuuvunja uchumba wa mtu, wala si yeye aliyemhamisha mtumishi kutoka Dodoma kwenda Mtwara, basi kwa nini hasara imwangukie? Na ukikaza hivyo ndipo mpangaji wa kushika nafasi anapopata maana yake kamili. Mkataba haujafutwa, umepata mtu mwingine wa kuutekeleza. Gharama ya kumtafuta ni ya anayeondoka, na kodi ya miezi itakayopita nyumba ikiwa tupu ni yake pia, ilimradi mwenye nyumba hazuii wanaokuja. Sioni wepesi wowote katika ahadi inayotimizwa kwa njia hiyo.

Pingamizi la pili linatoka kwa mwenye nyumba, nalo lina haki zaidi ya linavyopewa na wapangaji. Yeye alimchagua mtu: alimhoji, akauliza kazi yake, pengine akaulizia hata ukoo. Nyumba nyingi za mijini kwetu mwenye nyumba anakaa uani humo humo, anashiriki bomba moja na wapangaji, na watoto wao wanacheza pamoja. Kumwambia apokee yeyote anayeletwa ni kumnyang'anya uchaguzi wa jirani yake. Nakubali, na ndiyo maana wa kuletwa ni mtu anayefaa, wala hatoshi kuwa mtu yeyote tu. Ujerumani umeenea uvumi kwamba mpangaji akileta watu watatu wa kuchukua nafasi yake, amekuwa huru hata mwenye nyumba akiwakataa wote. Sheria yao haina kanuni hiyo, na ni vizuri haina, kwa sababu idadi haithibitishi kufaa. Lakini haki ya kuchagua ina mpaka. Mwenye nyumba anayemkataa mtu kwa sababu hana kipato, au kwa sababu anataka kugeuza sebule kuwa karakana, ameitumia haki yake. Anayewakataa wote ili aendelee kumdai aliyeondoka, huku mlango umefungwa, anachuma katika shida ya mwenzake. Hadithi ya Mtume inayopokewa na Abu Daud inamwahidi kusamehewa na Mungu makosa yake yule anayekubali kumfungua mwenzake katika mauziano anayoyajutia. Hiyo ni fadhila, haidaiwi. Kutomzuia mtu asitimize deni lake ni haki, na kuichanganya na fadhila kumewafanya wapangaji wengi waombe kwa magoti kitu walichotakiwa kupewa wakiwa wamesimama.

Dar es Salaam mambo yamekaa kichwa chini miguu juu. Desturi ni kodi ya miezi sita au mwaka kulipwa mbele, na dalali kuchukua ya mwezi mmoja juu yake, kwa hiyo anayeondoka mapema hadaiwi chochote. Fedha zake ndizo ziko kwa mwenye nyumba. Hutafuta basi mtu wa kumalizia kodi: anayekuja anamrudishia ya miezi iliyobaki, kisha muda ukiisha anaandikishana upya na mwenye nyumba. Baadhi ya wenye nyumba hukataa, humwambia anayehama kwamba kodi hairudi, kisha hupangisha chumba kile kile wiki ileile kwa kodi mpya ya miezi sita. Hapa kipimo cha New Jersey kinafanya kazi vilevile, ila kinamgeukia mwingine. Kama ahadi ilikuwa kumkinga mwenye nyumba na hasara, mtu anayepokea kodi mbili za chumba kimoja kwa mwezi mmoja hana hasara ya kukingwa. Sheria ya mikataba ya Tanzania, ambayo chimbuko lake ni ile ya India ya mwaka 1872, nayo inataka fidia ipimwe kwa kutazama njia zilizokuwepo za kuipunguza hasara. Fedha za miezi ambayo mwingine amekwisha kuilipia si za mwenye nyumba kwa hoja yoyote ninayoijua, ya dini au ya falsafa, isipokuwa hoja ya kwamba ziko mfukoni mwake.

Hadi hapa nimesema na watu wawili, na ndivyo vitabu vinavyosema pia. Wa tatu, anayekuja, huingia kama dawa ya ugonjwa usio wake. Anayehama ana haraka; kila mwezi unaopita unamla. Kwa siku chache amegeuka muuzaji, naye anayajua maradhi ya nyumba kuliko dalali: maji yanayotoka usiku wa manane tu, ukuta unaolia masika, baa ya jirani isiyolala Ijumaa, mwenye nyumba anayefungua mlango kwa funguo zake bila hodi. Akinyamaza, amelipa deni lake kwa fedha ya mtu aliyepunjwa. Hapo ile mantiki ya deni inamrudi, maana deni hulipwa na yeyote, ila halilipwi kwa mali ya wizi. Utetezi wa kawaida ni kwamba mgeni ana macho, aje akague mwenyewe. Kwa ufa wa ukutani, sawa. Macho hayaoni maji yasiyotoka Jumanne wala tabia ya mtu, na Waislamu wanakatazwa kuficha aibu ya bidhaa hata mnunuzi asipouliza. Utetezi mwingine una nguvu zaidi: akisema yote, hapati mtu, na mzigo unambakia yeye. Huenda. Lakini nyumba yenye kasoro ina bei yake ya kweli, na kati ya bei hiyo na kodi iliyoandikwa kwenye mkataba kuna pengo linalojulikana. Kama kodi ni laki tatu na hakuna anayejua habari za yale maji atakayetoa zaidi ya laki mbili na nusu, elfu hamsini za kila mwezi uliobaki zinatoka kwa anayehama. Yeye ndiye aliyeikubali laki tatu siku ya kwanza, na mgeni hakuwepo.