DANIELI HAKUKATAA PEKE YAKE



Somo letu ni Danieli sura ya 1. Kijana Danieli, mateka kule Babeli, aliikataa divai ya mfalme. Aliomba mboga na maji kwa siku 10, na mwishoni uso wake ukapendeza kuliko nyuso za waliokula mezani pa mfalme. Lakini tusome vizuri: walikuwa wanne. Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwa pamoja naye. Danieli hakukataa peke yake.

Hapa Lubumbashi meza ya mfalme ni lutuku na bangi. Kule Kinshasa, mwaka 2021, serikali ilihangaishwa na bombé, unga unaosagwa kutoka ndani ya bomba la moshi la gari. Kijana akiuvuta, husinzia wima, ameinama, saa nyingi.

Kanisa letu linakataza pombe, tumbako na bangi. Ni amri njema. Lakini sisi mashemasi tuungame kosa letu. Kijana mmoja alikuja kwenye mazoezi ya fanfari akinuka lutuku. Tulimnyang'anya tarumbeta, tukamfukuza mbele ya wenzake. Jioni ile ile walevi walimwita kwa jina lake, wakampa kiti. Sisi tulikuwa na neno la kumkataza. Wao walikuwa na nafasi ya kumpa.

Kanisa letu linasema: Upendo, Amri, Kazi. Upendo unatangulia. Tulishika Amri, tukauruka Upendo.

Sasa ibaki Kazi. Mazoezi ya fanfari, kwaya na mpira wa vijana si mchezo wa kupoteza wakati. Ndiko Danieli anakowapata wenzake watatu. Wazazi, msiwazuie watoto kuja. Vijana, mwenzenu asipoonekana mara mbili, mfuateni nyumbani kabla kiti cha lutuku hakijamzoea.

Papa Simon Kimbangu alifungwa miaka 30, akafa kifungoni katika mji wetu huu tarehe 12 Oktoba 1951. Ulevi nao ni gereza. Je, sisi tunaomkumbuka mfungwa yule, tutampita mfungwa aliye mtaani kwetu?

Tarumbeta ile ingali ukutani. Wiki hii tunakwenda kwa kijana wetu, si kumhukumu, bali kumwomba msamaha na kumrudisha. Mtuombee.

Amina.