Mpingo Shingoni mwa Gitaa

Gitaa likipasuka ubavu, fundi hulitia gundi, hulibana, kisha hungoja. Kazi hii haitaki pupa. Na mti wa kutengenezea gitaa tunao hapa Cabo Delgado, Msumbiji: mpingo, ambao Mreno aliuita pau-preto. Utupe majini, unazama. Ukiupachika shingoni mwa gitaa, pale vidole vinapokandamiza nyuzi, hauliki upesi. Lakini hukua polepole, miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kukatwa, na tangu 2017 biashara yake baina ya nchi inabanwa na mkataba wa CITES. Ajabu, mpingo wetu unasafiri nje, nasi twanunua gitaa la kiwandani! Mimi masalio ya mpingo wa wachongaji wa Kimakonde siyaachi yageuzwe kuni. Kipande kimoja nimekichonga daraja la nyuzi. Alfajiri nimelipiga gitaa, likaitika.