Deni la Mtu wa Juu na Deni la Mtu wa Chini

Yako mashauri ambayo ni vigumu kuyakata barazani, kwa kuwa mdai na mdaiwa hawajuani hata kwa sura. Mtu alima mlimani, mvua yanyesha, na udongo wa shamba lake washuka pamoja na maji. Mbali huko bondeni mtu mwingine aamshwa usiku na maji yaliyoingia nyumbani mwake. Je, yule wa kwanza amemkosea yule wa pili? Nataka tulifikiri neno hili kwa kuitazama milima ya Uluguru na mto Ruvu, maana huko jambo lenyewe laonekana wazi.

Milima hiyo imesimama karibu na mji wa Morogoro, na kilele chake kirefu chapita mita 2,600. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja zimebeba unyevu. Zikiigonga milima hupanda, hupoa, na kuangusha mvua. Kwa hiyo upande wa mashariki, ulioelekea bahari, hupata mvua nyingi, na mahali pengine hupita milimita 2,500 kwa mwaka. Upande wa magharibi hupata haba, maana mlima umekwisha kuzipokonya pepo maji yake.

Huko juu upo msitu mzito, na chini ya miti mna kangaga na majani yaliyooza. Mvua ikinyesha haiipigi ardhi kwa nguvu, bali hupokewa na majani, kisha hushuka polepole na kunywewa na udongo ulio laini. Juu zaidi uko uwanda wa Lukwangule, wenye nyasi na maji yaliyotuama, nako ndiko uanzako mto Mgeta. Mgeta huzunguka milima na kuingia katika Ruvu, na Ruvu hushuka mpaka baharini karibu na Bagamoyo. Nao watu wa Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu. Basi, mama ashikaye jembe Uluguru na mtoto achotaye maji Dar es Salaam wamefungwa kwa kamba moja, ingawa hawaioni.

Miti ikikatwa mtelemkoni, na shamba likiachwa wazi, mvua hupiga udongo mtupu na kuteremka mara moja. Maji ambayo yangalitoka kidogo kidogo kwa miezi, hushuka kwa usiku mmoja. Na wakati wa kiangazi kijito huwa chembamba. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Udongo nao ndivyo ulivyo.

Lakini tusiseme uongo. Si kila furiko ni kosa la mkulima. Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makubwa, na mwezi wa Aprili Waziri Mkuu alitangaza Bungeni kwamba watu 155 wamekufa katika nchi nzima. Mvua kama ile hupita nguvu za msitu wo wote. Tena mafuriko si ubaya mtupu, maana maji hayo hayo huacha matope yenye rutuba, na mpunga wa bondeni hustawi kwayo.

Sasa tuwasikilize wenyewe. Mtu wa juu husema: “Sina shamba jingine. Hili ni la ukoo wa mama yangu, na watoto wangu hula humu. Je, wafe njaa ili mtu nisiyemjua asilowe?” Mtu wa chini hujibu: “Nami je, nizame ili wewe ule?” Kila mmoja ana haki, ndiyo sababu shauri ni gumu.

Wako waliodhani amri yatosha kulikata. Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo mbaya wa chini uligeuzwa juu, mazao yasifae. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, ghasia ikatokea, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Walakini Mgeta, watu waliona faida ya matuta kwa mboga zao, wakayafanya. Jembe lilikuwa lile lile. Lakini wa kwanza walibebeshwa mzigo wa wengine, na wa pili walishiriki faida.

Mimi naona hivi. Mtu wa juu ana deni, kwa kuwa ajuaye kwamba kazi yake yamdhuru mwenziwe hawezi kusema, “Simwoni.” Bwana wetu alipoulizwa habari za jirani, hakujibu kwa kupima umbali wa nyumba. Lakini mtu wa chini naye ana deni, labda kubwa zaidi. Yeye hunywa maji yaliyotunzwa na mwingine. Yeye hununua mbao na mkaa, kisha humlaumu aliyeshika shoka. Tena hujenga ukingoni mwa mto, mahali ambapo mto umepita tangu zamani, akauita mwivi unaporudi kwake.

Baada ya mwaka 2006 palijaribiwa jambo jema huko Kibungo Juu: watumiao maji ya Ruvu mjini walitoa fedha, wakapewa wakulima waliopanda miti na kuzuia udongo usishuke. Lilikuwa jaribio dogo, lakini mna fundisho ndani yake. Fedha zile hazikuwa sadaka. Zilikuwa malipo ya deni.

Basi, ndugu zangu mkaao milimani, acheni miti ikae penye chemchemi, na mlimapo mtelemkoni uzuieni udongo. Nanyi mkaao mabondeni, kabla ya kuulaumu mlima, jiulizeni mmewalipa nini walio juu yenu. Kila mmoja wetu yuko juu ya mtu na chini ya mtu. Asiyelijua hilo, mto utamfundisha.